Pasi Kwenye Ncha ya Kitambaa

Mtaa mzima ulimwita Dada Mkubwa, ingawa yule mdogo aliyempa ukubwa huo alikuwa ameshaondoka. Kazi yao ilikuwa mapazia. Pazia refu halikatwi na mtu mmoja: mmoja hushika ncha ya kitambaa, mwingine hupitisha mkasi. Ndivyo mama yao alivyowafundisha, na ndivyo walivyofanya mpaka mama alipofariki, maneno yakaingia kati yao. Mdogo alitaka wahamie mji mwingine kwenye wateja wengi. Mkubwa hakutaka kuiacha meza ya mama.

"Nenda," alimwambia. "Ila jina la duka liache hapahapa."

Mdogo akafunga mizigo. Kati ya pasi mbili za mkaa za mama akachukua moja, ile ya mpini uliofungwa waya, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo ncha ya kitambaa ilishikwa na pasi iliyobaki. Pasi haichoki, lakini nayo haina maneno.

Wateja wakapungua. Watu siku hizi wananunua kwa kutazama simu, aliambiwa. Ndipo akapanda ngazi kwenda kwa Macho Manne, mtengeneza tovuti mwenye miwani minene na mdomo usio na breki.

"Tovuti ni duka, dada, na jina lake ni kama kiwanja. Akikuwahi mwenzio, unabaki kupiga miayo. Tuandike nini?"

"Dada Wawili."

"Mbona nakuona mmoja?"

"Andika tu, kaka."

Macho Manne akabonyeza, akasubiri, akakuna kidevu. "Limeshachukuliwa. Tena huyu naye anauza mapazia! Hebu tazama."

Dada Mkubwa alijua hata kabla hajageuziwa kioo cha kompyuta. Ule mshono wa juu, wenye mikunjo mitatu mitatu, ulikuwa wa mama.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Nilimwambia aliache."

"Basi kakupiga chenga mchana kweupe! Tumwandikie?"

"Mwandikie. Mwambie arudishe jina la watu."

Macho Manne akaanza kuzitwanga herufi kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Dada Mkubwa akabaki na zile picha, akizipitia polepole. Pazia la kijani. Pazia la maua. Pazia la chumba cha mtoto. Watu hawakuwamo hata mmoja. Picha ya mwisho ilikuwa ya meza ya kukatia: kitambaa cheupe kimetandazwa, mkasi uko upande huu, na kule kwenye ncha, mahali pa mkono wa mtu, imekaa pasi ya mkaa. Mpini wake una waya.

Aliitazama mpaka macho yakamuuma.

"Sikiliza nilivyombana," alisema Macho Manne. "'Wewe mwizi wa jina...'"

"Futa."

"Nifute? Dada, ndiyo kwanza nimekolea!"

"Futa, kaka. Andika: Nimeiona pasi. Na mimi nashikiwa ncha na ile nyingine. Halafu weka namba yangu."

Macho Manne akamtazama juu ya miwani. "Hayo ndiyo madai yenyewe?"

"Ndiyo hayo."

"Na tovuti yako tuiite nini sasa? Dada Mmoja?"

Alikuwa anatania. Alipouona uso wa Dada Mkubwa, akaacha utani. Akatuma ujumbe kama ulivyo.

"Jina tuliache kwanza," alisema Dada Mkubwa. "Mpaka mwenzangu ajibu."

Akarudi dukani mikono mitupu. Akatandaza kitambaa cha mteja, akaweka pasi kwenye ncha, na simu akailaza kando ya pasi, kioo juu. Kila akipitisha mkasi alitupa jicho kule. Vyote viwili vilikuwa kimya.

Alipofika katikati, kitambaa kikavutika, pasi ikapinduka na ncha ikadondoka sakafuni.

"Shika vizuri, wewe!" alisema kwa sauti, kama zamani.

Kisha akasimama na mkasi mkononi, akisikiliza.