Jirani wa Ukutani

Sadik alirudi Garsen na sanduku moja, koti la baridi ambalo huku hakuna wa kulivaa, na kunong'ona. Koti watu walilicheka. Kunong'ona hakukumchekesha mtu. Waorma ni watu wa salamu bwana: utaulizwa ng'ombe, utaulizwa watoto, malisho, mvua, afya ya wazee, kisha muanze upya, na yote hayo kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Sasa mtu ametoka Ulaya baada ya miaka, mama yake mzazi anamlaki kwa vigelegele, naye anajibu kama aliyeingia msikitini katikati ya hotuba! Bi Bishara, maskini, alidhani mwanawe anaumwa koo.

Qabale, mkewe, hakudhani hivyo. Yeye ndiye aliyekaa naye nyumba moja, na alijua kwamba kunong'ona kulizidi alasiri, ukuta unapoanza kugongwa.

Ngo, ngo. Chini kabisa ya ukuta wa udongo, karibu na sakafu, pale ambapo mtu mzima hawezi kugonga ila awe amelala. Mara ya kwanza Qabale alitoka na fimbo akidhani ni mbuzi wa watu. Nyuma ya nyumba palikuwa na jua, vumbi na kichaka cha miiba ya mathenge, basi. Aliporudi alimkuta mumewe ameinamisha kichwa.

"Umesikia?" aliuliza.

"Taratibu, mke wangu. Tunapiga kelele."

Kelele gani, jamani? Watu walikuwa wanakunywa chai!

Toka siku hiyo, mwezi baada ya mwezi, maneno yakawa yanampungua Sadik kama maziwa ya ng'ombe wa kiangazi. Akaacha kuwaita ng'ombe kwa majina yao, nao wakawa wanampita tu. Akaacha kujibu watoto wa njiani. Sheikh alikuja kusoma, ukuta ukagongwa katikati ya Yasin, sheikh akakumbuka ana safari ya Hola. Na Qabale alikuwa na mimba kubwa. Mtoto akizaliwa, baba ndiye wa kumsomea adhana sikioni. Huyu ataisoma kwa sauti ipi? Qabale aliogopa, na alimkasirikia yule anayegonga, maana alimngoja mume huyu miaka mingi na hakumngojea amletee bubu.

Zamani Sadik hakuwa hivyo hata kwenye simu. Alikuwa Marseille, Ufaransa, akipakua mboga sokoni, na fahari yake ilikuwa moja: kuishi kama mwenyeji. "Ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho," alikuwa akisema, halafu anacheka. Watalii wanapanda kilimani kupiga picha kanisa. Mwenyeji anapita bila kuinua macho. Mwenyeji hununua mkate asubuhi, akaukata ncha akaila akitembea. Akiingia dukani husalimu kwanza, la sivyo muuzaji hamwoni. Bandarini hujibizana na mama wa samaki mpaka bei ishuke. Upepo wa baridi ukivuma hulalamika, "na mimi nalalamika, Qabale, tena kuliko wao!" Na kwenye magorofa yale, mwenyeji habishi hodi kwa jirani wala hamwulizi hali. Ukimpigia kelele atakugongea ukuta, nawe utashusha sauti. Mazungumzo yenu yameisha. Qabale alikuwa akicheka mpaka machozi.

Alasiri moja ukuta ukagongwa, na Qabale akachoka.

"Leo utaniambia ni nani huyo!" alifoka. "Au nibomoe ukuta wenyewe."

Sadik akasema, kwa sauti ile ile ya chini: "Ni mzee wa chumba cha pili. Wa Marseille. Alianguka ndani, peke yake. Alikuwa anagonga kuomba msaada, mimi nikadhani ananikataza kelele. Wazima moto walipovunja mlango alikuwa keshakufa siku nyingi. Kichwa kilikuwa kwenye ukuta wangu."

"Anaitwa nani?"

"Sikuwahi kumuuliza."

Qabale alishika kichwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa binti wa watu, alifanya linalofanywa mgeni akifika. Alichukua kibuyu cha maziwa, akajaza kikombe, akakiweka sakafuni penye ukuta.

"Mgeni hakemewi," alisema. "Mwambie karibu. Kwa sauti, asikie!"

Sadik alitikisa kichwa, machozi yakamtoka. "Mzee simwogopi. Ninakuogopea wewe."

"Mimi nimemfanya nini?"

"Siku ile nilikuwa nazungumza nawe kwenye simu. Kwanza nilidhani anatukataza kelele, lakini alikuwa anagonga chini mno, nikaona si kawaida. Nikakwambia ngoja, nikamtazame mzee. Wewe ukaniambia..."

Hakuhitaji kumaliza. Qabale aliisikia sauti yake mwenyewe ya siku ile, yenye kicheko. Mtandao ulikuwa umepotea juma zima, simu ndiyo kwanza imeshika, na alikuwa na hamu na mumewe. Alisema: achana naye, shusha sauti tu, si umekuwa mwenyeji? Sadik akashusha. Wakazungumza sana, habari za ndama, habari za mtoto watakayempata Mungu akijalia, na ukuta ukigongwa, ukigongwa, mpaka ukaacha. Na hapo yeye Qabale, kwa furaha kabisa, akasema, "Umeona? Amenyamaza."

Ngo, ngo.

Qabale akafungua mdomo aseme karibu. Akasema, lakini kwa sauti ya chini mno, hata Sadik aliyekaa kando yake hakuisikia.