Chai ya Mteja

Katika duka lake la vipuri vya jenereta, soko la Custom, Kizza alikuwa na sheria moja: usibadilishe vitu viwili siku moja. Ukibadilisha plagi na kabureta pamoja, mashine ikiwaka hutajua kilichokuwa kibovu ni kipi. Kwa mwili wake mwenyewe, sheria hiyo aliivunja. Siku moja aliacha vidonge vya kisukari, ambavyo alikuwa akivificha dukani, na siku hiyo hiyo akaanza kulamba unga wa mizizi ya nguvu za kiume kutoka kwa mchuuzi. Tangu mwaka jana alikuwa hawezi kukutana na mke wake kitandani.

Sanyu, mkewe, alikuwa ameacha kuuliza. Alikata tikiti ya basi la Jumatatu kwenda Masaka, kwao. "Kule nitakuwa peke yangu," alisema. "Hapa niko peke yangu na mtu kitandani."

Ndipo Kizza akarudi mtaa wa Malakia, kwenye kliniki ndogo ya Zilpah, tabibu Mkenya aliyempa vile vidonge.

"Daktari, dawa yako imeniua nusu."

"Nusu gani?"

Kizza akatazama mizani iliyokuwa sakafuni. "Ya chini."

Zilpah hakucheka. "Baba Josline, hiyo shida ilianza lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Na vidonge nilikupa lini?"

"Machi."

Alipolitamka neno hilo, akahesabu miezi kwa vidole. Miaka kumi na tano ya kusikiliza jenereta ilikuwa imemfundisha kwamba kipuri kilichofungwa Machi hakiwezi kuzima mashine iliyozimika Desemba.

"Sasa ni nini?" akauliza, na safari hii alitaka kweli kujua.

"Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Macho, figo, miguu. Na hapo pia. Inaweza kuwa presha au mawazo, tutaangalia vyote. Anza tena vidonge. Huo unga uache, hatujui umechanganywa na nini."

"Hivyo ni vitu viwili kwa siku moja."

"Unga si kipuri, Baba Josline. Ni mchanga ndani ya tangi."

Akamwazima kipima sukari. Siku tatu Kizza alijichoma vidole, dukani nyuma ya kaunta na nyumbani kwa siri chooni, na kuandika namba kwenye kipande cha boksi. Alfajiri: tisa. Saa tano, kabla hajagusa chakula: kumi na tisa. Akanawa mikono, akachoma kidole kingine. Kumi na tisa. Jioni, nyumbani: kumi na sita. Posho, ugali wake, alikuwa ameipunguza nusu, soda na mkate ameviacha. Sukari ilikuwa inapita wapi?

Alhamisi Zilpah alikuja dukani kutafuta plagi ya jenereta ya kliniki. Alimkuta Kizza akipatana bei na Thiik, fundi kutoka mtaa wa Gudele. Kwa Kizza, bei haikuwa bei mpaka glasi mbili za chai ziishe. Anayeacha yake ana kitu anaficha. Atong, muuza chai, alikuwa ameshazileta, sukari imelala chini unene wa kidole.

"Hiyo ya ngapi leo?" Zilpah akauliza.

"Hii? Hii ni ya mteja."

"Wateja wangapi tangu asubuhi?"

"Watano. Na huyu, sita."

"Na anayekunywa ni nani?"

Thiik akacheka. Kizza aliinua glasi kwenye mwanga, akaikagua kama anavyokagua mafuta yaliyoingia maji. Hakuwahi kuihesabu. Chakula ni kile alicholeta Sanyu kwenye bakuli. Chai ilikuwa kazi.

"Atong, niletee nyingine. Bila sukari."

Atong akashika kiuno. "Bila sukari, kama ya msibani? Umefiwa?"

Thiik naye hakuwa anacheka tena. "Kizza, unaficha nini kwenye hii bei?"

"Bei sijaficha kitu. Nina kisukari."

Kizza alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake dukani, mbele ya mteja, kabla hajamwambia mkewe.

Thiik akasukuma glasi yake kando. "Mjomba wangu anacho. Haya, Atong, leta mbili bila sukari. Tuone kama na bei itakuwa chungu."

Jumamosi mchana Sanyu alileta samaki na mboga ya dodo. Kizza alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamwekea kile kipima sukari mkononi.

"Maama Josline, nichome kidole."

Akamchoma, kwa nguvu kuzidi kidogo ilivyohitajika. "Kumi na mbili. Kumi na mbili ya nini?"

"Sukari kwenye damu. Juzi ilikuwa kumi na tisa." Akamweleza yote: vidonge, unga, Desemba na Machi. "Daktari anasema itachukua miezi. Huenda nguvu zisirudi zote. Kuna dawa ya kusaidia, lakini lazima anipime moyo kwanza."

Sanyu alikizungusha kipima sukari mkononi. "Mwaka mzima nimemtafuta mwanamke wako wa pembeni," akasema. "Atong nilimfuata mpaka kwake."

"Atong?"

"Alikuwa anaingia hapa mara sita kwa siku."

Akachukua kipande cha boksi, akazifuata namba moja baada ya nyingine kwa kidole, akasimama kwenye ya jana jioni. "Hii ya jioni imepanda tena. Saa hiyo uko nyumbani. Hiyo ni chai ya nani?"

Kizza akainama kuisoma namba.

"Yangu," akasema Sanyu. "Vijiko vinne." Akalitia boksi kwenye mkoba, juu ya tikiti. "Basi la Jumatatu liende. Mimi nataka nione kesho asubuhi itasoma ngapi."