Jua Halijafika Kiganjani

Wanaume wa kijiji cha Santa Rita del Encino walikuwa wakiondoka pamoja na ndege. Sikukuu ya Mishumaa ya Februari ikishapita, tamale za unga wa mahindi zikishaliwa na maganda yake kutupiwa kuku, wavumaji huanza kupungua kwenye maua mekundu ya bondeni, leo watano, kesho wawili, na wanaume nao huanza kupaka buti zao mafuta. Wote wanaelekea kaskazini, ndege kufuata maua, wanaume kufuata kazi. Mvumaji ni ndege mdogo kama kidole gumba, lakini anavuka jangwa lile lile linalowashinda wanaume wenye misuli, na mwezi wa Oktoba anarudi kulala kwenye tawi lile lile la mwaka jana. Wanaume hawakuwa waaminifu kiasi hicho. Wapo waliorudi, wapo waliotuma picha, na wapo waliopata wake huko wakasahau hata majina ya mbwa wao.

Ndiyo maana Herculana hakukosa kazi. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye ulimi usiolala, na kazi yake ilikuwa kufunga ndege. Alichukua mvumaji dume aliyekufa, akamwekea unywele wa mwanamume chini ya bawa, akamzungushia uzi mwekundu kutoka mkiani hadi shingoni, kisha akamshonea kifuko cha kitambaa chekundu. Mwanamume aliyefungwa hivyo hapotezi njia ya nyumbani. Asiyeamini na asiamini, lakini hapakuwa na nyumba kijijini isiyokuwa na kifuko mahali fulani, hata nyumba ya katekista.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, fundi hamfungi mtu wake mwenyewe, mganga hajigangi. La pili ni la baridi. Huko milimani, asubuhi za baridi kali, mvumaji hulala usingizi usio na tofauti na kifo: hapumui, moyo hausikiki, ananing'inia tawini kichwa chini. Kwa hiyo ukimwokota lazima umlaze kwenye kiganja kilicho wazi na kungoja mpaka jua lipande juu ya mgongo wa mlima na kukijaza kiganja. Kama alilala, ataamka aende zake. Kama jua limejaa mkononi naye hajatikisika, huyo amekufa, na anaweza kufungwa.

Otilia alikuwa mtoto wa kaka yake Herculana, na alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa miaka sita. Masharti hayo aliyajua kama Baba Yetu. Aliyavunja yote mawili asubuhi moja.

Mumewe, Fidencio, alikuwa fundi mwashi, mtu wa mbinja na utani, na Otilia alimpenda kupita kiasi. Tena hakuona haya kusema hivyo mbele za watu. Miaka minne mfululizo alikuwa ameenda kaskazini na kurudi. Lakini mara ya mwisho alirudi mkimya, na usiku wa tamale alisema, huku akitazama sahani, kwamba safari hii huenda akakaa miaka miwili, pengine mitatu. Jirani yao Casimira naye aliwahi kuambiwa na mumewe miwili, pengine mitatu. Sasa alikuwa kwenye mwaka wa kumi na moja wa kumngoja.

Asubuhi ya safari, mwanzoni mwa Machi, lori lilikuwa likipiga honi uwanjani. Otilia alitoka kuchota maji, na hapo kwenye mndimu wa uani akamwona mvumaji dume ananing'inia kwa kucha zake, koo lake jekundu limepauka kwa baridi. Akamgusa. Ndege akamwangukia mkononi kama kokwa. Mlima ulikuwa bado mweusi. Jua lilihitaji nusu saa nyingine.

"Oti!" Fidencio aliita kutoka ndani. "Soksi zangu umeziweka wapi?"

"Ziko miguuni kwako, kipofu wewe!"

Akamsikia akicheka. Kicheko kile ndicho kilichommaliza. Aliwaza kwamba nyumba hiyo itakaa miaka mitatu bila kukisikia, akaingia jikoni na ndege, akachomoa unywele kwenye kitana cha mumewe, akatoa uzi. Vidole vyake vilijua kazi. Alipokuwa akikaza fundo la mwisho, alisikia kitu kikitetemeka ndani ya uzi, kidogo sana. Akajiambia kuwa ni vidole vyake mwenyewe. Akakishona kifuko, akakificha nyuma ya picha ya Mtakatifu Rita.

Alipoingia chumbani, Fidencio alikuwa amekaa kitandani na buti moja mguuni. La pili alikuwa amelishika.

"Lori linaita," Otilia alisema.

"Nasikia." Akaliweka buti chini, taratibu. "Nitaenda kesho."

Lori likaondoka na wenzake. Eleuterio, binamu yake, alimtukana kutoka juu ya mizigo mpaka lilipopinda kona. Kesho ikaja, na ile ya kesho yake. Fidencio hakwenda.

Otilia aliona raha, tusimsingizie. Alimpikia, alimfulia, alipita mbele ya mlango wa Casimira akiimba. Lakini wiki haijaisha, asubuhi moja aligeuka kitandani akagusa mkono wa mumewe, na mkono ulikuwa wa baridi kama chungu cha maji. Akaweka sikio puani: hakuna pumzi. Alipofungua mdomo apige yowe, jua likaingia dirishani, likapanda blanketi, likafika kifuani kwa Fidencio. Naye akavuta pumzi, akafumbua macho.

"Mbona unanitazama hivyo? Nina pembe?"

Ikawa ndiyo desturi. Kila alfajiri maiti, kila jua likifika mtu. Mchana alikuwa na joto la homa, hatulii. Aliacha nyama, akaacha maharage, akaacha chapati za mahindi alizokuwa akizila kumi na mbili bila aibu. Alitaka maji ya sukari tu, na aliyanywa kwa midomo iliyochongoka, kidogo kidogo, mara mia kwa siku. Siku moja Otilia alimlalia kifuani ili asikie moyo. Haukuwa ukidunda. Ulikuwa ukivuma, mvumo mmoja usiokatika, na nyuma ya picha ya Mtakatifu Rita kitu kingine kilikuwa kikivuma vile vile.

Kisha akaanza kusimama kwenye ukuta wa kaskazini. Hakukuwa na dirisha upande huo. Alisimama na paji la uso limegusa matofali, saa nzima, saa mbili, akisogea mbele kwa wayo mmoja kana kwamba ukuta ungempisha. Paji likafanya kovu. Akiulizwa, alisema hajui. Akicheka, kicheko kilikuwa kile kile, na hilo ndilo lililomtisha Otilia kuliko yote.

Na kila wiki jua lilihitaji muda mrefu zaidi kumwamsha. Machi lilimtosha likigusa kifua. Mei Otilia alimburuta hadi uani, kichwa kikigonga kizingiti, naye alizinduka karibu na adhuhuri. Otilia akaanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya mvua. Mvua za huko zikianza, jua huweza kupotea siku nne, tano. Kwa nini hakukifungua kifuko? Kwa sababu Fidencio alikuwepo. Hiyo tu. Alikuwepo.

Herculana alikuwa mjini Morelia kwa binti yake tangu Februari, akitibiwa macho. Alirudi katikati ya Juni, akaja moja kwa moja na kikapu cha mikate, akaingia, akamwona Fidencio ukutani. Hakumsalimu. Aliweka kikapu chini, akamvuta Otilia kwa mkono hadi kwenye mndimu.

"Umemfunga."

"Shangazi..."

"Sijakuuliza, nimesema. Ulingoja jua?"

Otilia alitazama miguu yake.

"Wewe mtoto! Ulingoja jua au hukungoja?"

"Lori lilikuwa linapiga honi."

"Lori!" Herculana alipiga makofi. "Kwa hiyo honi ya dereva mlevi ndiyo imekufundisha kazi, siyo mimi. Umemfunga aliye hai, Otilia. Wale wengine wanakumbuka nyumbani tu. Huyu umempiga uzi pamoja na ndege anayetaka kwenda."

"Nikikata?"

"Ataenda."

"Yupi? Ndege au Fidencio?"

"Umewafunga wawili kwa uzi mmoja halafu unaniuliza mimi yupi?" Herculana alikaa juu ya jiwe, na alipoongea tena sauti ilikuwa imepoa. "Sikiliza, mwanangu. Ndege wanaondoka Machi kwa sababu Machi njia ina maua. Wanaume wanaondoka Machi kwa sababu Machi jangwa linavumilika. Sasa maua yamekauka, na jua la kule linaua ng'ombe. Ukimfungua leo, anakwenda wakati mbaya, peke yake."

"Basi simfungui."

"Basi mvua ikinyesha, utamzika."

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Mawingu yalishuka hadi kwenye misonobari, na Fidencio hakuamka siku hiyo, wala ya pili yake. Otilia alimsugua, alimwekea mawe ya moto, alimtia maji ya sukari kwa kijiko yakatoka pembeni mwa mdomo. Nyuma ya picha kimya kilikuwa kizito. Alimwomba Mtakatifu Rita radhi kwa kumtumia kama kabati, akalia mpaka sauti ikakauka.

Asubuhi ya tatu wingu lilipasuka kidogo juu ya mlima. Alikimbia na kifuko uani, akakata mshono, akafungua uzi mzunguko kwa mzunguko. Ndege alikuwa mzima, hajaoza, amekonda. Uzi ulibaki kwenye mguu mmoja, umekaza fundo, na mguu ule ulikuwa mwembamba kuliko uzi wenyewe. Akaogopa kuuvunja, akauacha. Akamlaza kiganjani. Jua likaja, likajaa mkononi. Ndege akatetemeka, akavuma, akasimama hewani mbele ya uso wake kwa muda wa kuhesabu tatu. Kisha hakuwepo.

Ndani, Fidencio alikuwa amekaa kitandani anavaa buti la pili.

"Lori limeondoka?" aliuliza.

"Fidencio, huu ni mwezi wa Juni."

"Wenzangu wako mbele. Nimechelewa."

"Ngoja mpaka mwakani. Nakuomba. Nimekosa mimi, nimekosa, nitakwambia kila kitu, lakini usiende sasa." Alimshika shati, akapiga magoti, akalala kizingitini.

Fidencio aliinama akambusu utosini. Midomo yake ilikuwa ya moto. "Oti," alisema kwa upole, "mbona unalia kama vile sirudi?" Akamruka, akaufuata mlango wa ua, akaishika njia ya kaskazini kwa miguu.

Haikuja simu. Haikuja picha. Julai, Agosti, Septemba. Oktoba wavumaji wakarudi kwenye maua ya bondeni, na wanawake wakaanza kujenga madhabahu za wafu, maua ya manjano, ubani, mikate. Casimira alimwuliza, kwa nia njema, kama ataiweka picha ya Fidencio mezani pamoja na za wafu wake.

"Picha ya mtu aliye hai?" Otilia alimjibu. "Weka ya mumeo kwanza." Casimira akaenda zake, na Otilia akajuta, lakini picha ikabaki ukutani.

Siku moja kabla ya Siku ya Wafu, alfajiri, umande umeganda, alitoka kuchota maji. Kwenye tawi la mndimu mvumaji alikuwa ananing'inia kichwa chini. Mguuni alikuwa na kipande cha uzi mwekundu kilichopauka.

Otilia hakupiga yowe. Alimchukua kwa mikono miwili, akaketi kwenye jiwe la shangazi, akafungua kiganja. Mlima ulikuwa mweusi. Alikuwa na nusu saa, na safari hii hakuwa na haraka yoyote.

Uwanjani honi ikalia. Mbwa wakabweka, watoto wakapiga kelele majina ya baba zao. Mtu akaita juu ya ukuta, "Otilia! Wamekuja, njoo!" Hakuinuka. Alikuwa akitazama jua likishuka kwenye misonobari, likishuka kwenye paa la Casimira, likivuka ua.

Mlango wa ua ukafunguka. Hakugeuka kwanza, alisikiliza nyayo. Zilikuwa nzito, za mtu mmoja, na hazikuwa na mbinja. Akainua macho. Ni Eleuterio, amevuliwa na jua la kaskazini ngozi ya pua, kofia ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema.

"Usiseme."

"Shemeji, nimekuja kwanza kwako kabla hata ya kufika nyumbani kwangu, kwa sababu..."

"Nimesema usiseme, Eleuterio! Jua halijafika."

Eleuterio aliona kilichokuwa kiganjani. Alikuwa mtoto wa kijiji hicho, alilijua sharti. Akasimama pale, kofia kifuani, huku mwanga ukigusa ncha za vidole vya Otilia, ukipanda kwenye viungo, ukifika kwenye mistari ya kiganja. Ukamfunika ndege. Koo lake likawaka jekundu, zuri ajabu. Otilia alihesabu tatu. Alihesabu mia. Mwanga ulijaa mkono, ukamwagika hadi kwenye kiwiko, na joto lake alilisikia mpaka mfupani.

Mkono wake ulikuwa umeanza kufa ganzi aliposema, "Haya. Sasa niambie."