Pacha wa Kikundi cha Nuru

Hapa Kasulu mjini hakuna asiyejua kwamba Faudhia na kikundi cha kasida cha Nuru walizaliwa pamoja. Mama yake, Bi Kuruthumu, aliwakusanya wanawake wa kwanza kupiga dufu la Maulidi kule Kibondo akiwa na mimba kubwa, na wiki ileile akajifungua. Baadaye mumewe, Mansuri, alihamishia duka Kasulu, na mkewe akaja na madufu kwenye furushi na mtoto mgongoni. Watu wakamwita mtoto Pacha. Tuseme ukweli, Faudhia hana sauti hata ya kumbembelezea mtoto, lakini kila Maulidi alikalishwa mbele kwenye mkeka wa mama yake, na waimbaji wenye sauti tamu wakajibana nyuma.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, wa mwaka 2015, Nuru ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Kwenye kitambaa cha sherehe liliandikwa jina la kikundi, na chini yake jina la Faudhia. Kichwa kilimvimba, na nani angemlaumu?

Wiki moja kabla ya sherehe alipanda basi kwenda Kibondo kumwalika Mzee Isihaka, aliyewamba ngozi ya dufu la kwanza. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu. Alimkaribisha mgeni bila kumtambua, na alipoombwa aeleze mwanzo wa Nuru, alianza na mbuzi aliyechinjwa, akaja kwa ngozi iliyokataa kukauka, akafika kwa Bi Kuruthumu aliyepiga dufu huku kalishikiza juu ya tumbo. Faudhia alikuwa anacheka.

"Na yule mwana nilimbeba mwenyewe hadi makaburini," mzee akaendelea. "Mama yake alikuwa hajatoka arobaini. Hakuwa mzito hata kidogo."

"Mwana gani, babu?"

"Faudhia wa Mansuri."

"Faudhia wa Mansuri ni mimi."

Mzee alimgeukia, kisha akaomba radhi kwa Kiha, lugha ya kwao.

Njia nzima ya kurudi Faudhia hakuelewa kitu. Alijiambia mzee kachanganyikiwa, halafu akaona aliyechanganyikiwa ni yeye. Kama Faudhia alizikwa, huyu aliyekaa dirishani kwenye basi ni nani? Na ana miaka mingapi?

Alimkuta mama yake anachambua maharage, akamuuliza hata kabla ya kuvua viatu. Bi Kuruthumu hakukataa.

"Wewe ulikuja mvua ya tatu baada yake," alisema. "Nikakupa jina lake kwa sababu kinywa changu kilikuwa bado kinaliita. Tulipofika huku watu wakasikia habari za mimba, wakakuona wewe mgongoni. Wakajumlisha wenyewe."

"Nawe ukawaacha?"

"Kila waliposema Pacha, mwanangu, niliona kama naye yupo."

Faudhia alikasirika, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani. Maisha yake yote alikalia mkeka wa mwingine. Alimwonea wivu mtoto mchanga aliyekufa, akajionea haya kwa wivu huo, akalia.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Mshereheshaji akamwita Pacha wa Nuru asimame awasalimie wageni. Faudhia alisimama akiwa bado hajui atasema nini. Angeweza kupunga mkono tu na kuketi, kama miaka yote. Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameinamisha uso.

"Kabla dufu halijapigwa," akasema, "naomba tumsomee Fatiha Faudhia binti Mansuri."

Watu walitazamana. Mmoja nyuma akacheka, akidhani ni mzaha, na sheikh akauliza taratibu asomewe nani, maana mwenyewe si huyo kasimama? Lakini Bi Kuruthumu, ambaye hakuwahi kumwombea mtoto yule mbele ya watu, alikuwa tayari ameinua mikono, na wengine wakainua yao bila kujua wanamsomea nani.