Mkalimani wa Mama Ismaël

Déo alivaa suti ya kanisani kwenda kliniki, utadhani yeye ndiye anayepimwa. Mtoto wao Ismaël alikuwa ametimiza miaka mitatu na hajatamka neno hata moja. Mlango ukigongwa tu, anaziba masikio na kujificha chini ya meza. Mama yake, Pulchérie, alikuwa ameingoja siku hii kwa miezi minane. Majibu ya leo ndiyo yangeamua kama mwanawe atapata mtaalamu wa kumsaidia kusema, au wataambiwa warudi kwao Weston, mtaa wao huku ugenini, wakangoje akue.

Kazi ya kujibu alijipa Déo. Alikuwa na Kiingereza, na Kiingereza chake alitembea nacho kifua mbele. Muuguzi aliuliza: mtoto alitambaa lini? Alinyonya mpaka lini? Déo alitaja miezi ovyo ovyo bila aibu. Mwanamume huyu hakujua hata mwanawe anavaa viatu namba ngapi.

Muuguzi, mama wa makamo mwenye asili ya Kihindi, beji yake imeandikwa Almina, alikuwa akiandika polepole. Kisha akauliza kwa Kiingereza: wakati wa ujauzito, mama alikuwa na msongo wa mawazo, hofu, au ugomvi nyumbani?

"Hakuna kabisa," Déo akadakia kwa Kiingereza hicho hicho. "Mke wangu alikuwa na furaha sana." Halafu akamgeukia mkewe kwa Kiswahili, huku akimchekea muuguzi: "Usilete mambo ya nyumba hapa. Ulikuwa bien, mzima, basi. Ukifungua kinywa tutaonana."

Furaha! Neno hilo la Kiingereza Pulchérie alilijua, na nusura acheke. Mimba ikiwa na miezi mitano, Déo aliwatangazia watu wa kanisa kwamba si yake. Kila jioni alipiga ngumi mlango wa chumba akidai atajiwe huyo mwanamume. Pulchérie alilala na koti mwilini, tayari kukimbia. Kisha mtoto akazaliwa na masikio ya Déo yale yale, yamechomoza kama vipini vya sufuria, na mpumbavu huyo akaagiza keki na kuwaalika watu wale wale. Kuomba msamaha hakukumpitia hata akilini.

Kalamu ya muuguzi ilikuwa imesimama.

"Baba," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, "mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Na swali nilimuuliza mama."

Déo alianza kufunga vifungo vya suti yake. Pulchérie alimtazama bila chembe ya huruma. Ndipo akasema yote: kanisa, mlango, koti. Mwisho akafikia lile lililomkosesha raha miaka yote mitatu.

"Nililia sana, mama. Ni mimi nilimuharibu mtoto?"

"Hapana. Hujamharibu, na hajaharibika. Msongo wa mama unaweza kumgusa mtoto akiwa tumboni, lakini kosa si lako, na kwa umri huu anasaidika. Nitamwandikia mtaalamu. Ila atahitaji nyumba tulivu. Ule ugomvi bado upo?"

Déo akamkazia mkewe jicho. Kwa miaka mitatu jicho hilo lilikuwa limemnyamazisha; leo alishangaa jinsi lilivyo dogo.

"Upo, mama," alijibu. "Hata hapa tumekuja nao."