Ndugu wa Kubeba Jeneza

Waringa hakuomba makubwa. Alitaka mumewe, Lam, abebwe na ndugu zake mpaka kaburini, kama mwenyewe alivyoomba kabla sauti haijamwishia. Ndugu hao hawakuwa wa tumbo moja. Walikuwa ndugu wa kiapo, wanachama wa chama cha siri cha Wachina, na ukumbi wao ulikuwa Chinatown, mtaa wa Wachina, juu ya mkahawa wa tambi.

Neno "siri" ndilo lililoleta balaa. Kamati ya mazishi ya Wakenya wa Adelphi, nje kidogo ya jiji la Washington, ilikusanyika sebuleni kwake, ikamaliza chai yote, kisha ikaingiwa na hofu.

"Dada, hao ni Frimasoni," alisema mwenyekiti Ndirangu. "Wanakula viapo! Wanachinja jogoo! Mchungaji Eliudi akijua, kanisa halifunguliwi."

"Jogoo wa siku hizi wanamnunua dukani, ameshaokwa," alijibu Waringa.

"Na wewe uliishi naye bila kumuuliza?"

Alikuwa amemuuliza, na Lam alimjibu Jumapili nzima. Zamani huko China, watu waliapa kuuangusha ukoo wa kifalme wa Wamanchu na kuurudisha ule wa Ming. Wamanchu wakaanguka, zaidi ya miaka mia imepita, ila hakuna aliyekumbuka kufunga kikao. Wengine waligeuka wahuni na kutoza watu kwa nguvu. Waliovuka bahari walitafutiana vyumba, wakaamua ugomvi, wakarudisha nyumbani mifupa ya wafu. Kuna miji ya Marekani walikokatana kwa mashoka. Hapa Washington, alisema Lam, waligombania zaidi kiti cha karibu na hita.

Kamati haikuridhika. Iliunda kamati ndogo ya uchunguzi, ikapanda treni ya Green Line, Waringa akitangulia.

Ukumbini walikuta wazee wakicheza domino za Kichina. Ukutani zilitundikwa picha za wenyeviti, na kila mmoja wao alikuwa ametoka madarakani kwa kufa. Mwenyekiti wa sasa, Mzee Moy, aliwakaribisha kwa Kiingereza, akawaonya wasithubutu kukanyaga ukumbi wa ng'ambo ya barabara.

"Kuna nini huko?" aliuliza Ndirangu.

"Wasaliti. Walijitenga wakaondoka na jina letu na muhuri."

Ndirangu alikohoa. Kule Oxon Hill, Wakenya waliojitenga walikuwa na Kamati Halisi ya Mazishi, nayo ilikuwa na muhuri.

Waringa hakuja kusikiliza hayo. "Mzee, mtambeba lini Lam?"

Mzee Moy aliwatazama wenzake. Mmoja alishikilia kigari cha kutembelea, mwingine alivuta hewa kwa mpira wa puani. "Sheria inasema abebwe na walioapa. Walioapa ni sisi. Sisi hatuwezi kuinua hata meza hii. Tumelijadili wiki nzima, tukaahirisha."

"Basi waapisheni hawa," alisema Waringa, akiwaonyesha wanakamati.

"Mimi?" Ndirangu alishtuka. "Mzee wa kanisa?"

"Sikiliza kwanza, mwenyekiti," Waringa alimkata. "Kwako mdomo hutangulia masikio."

Mzee Moy alivisoma viapo. Wazazi wa ndugu yako ni wazazi wako. Akifiwa, msaidie kuzika. Usimchongee. Usimtamani mkewe.

Gichuki, katibu, alimnong'oneza mwenyekiti wake, "Hii si ni katiba yetu? Ila sisi hatuna ile ya mke wa mwenzako."

"Tuliifuta," alisema Ndirangu. "Ilileta mgawanyiko."

Kisha wakamtoa Waringa nje, maana mwanamke haruhusiwi kusikia. Alisimama ngazini akasikia yote, kwa kuwa Ndirangu aliapa kwa sauti ya kuhubiri, na mwishoni akaongeza amina.

Siku ya mazishi mchungaji Eliudi aliuliza kwa nini wabebaji wamevaa utepe mwekundu.

"Sare ya kamati," alijibu Ndirangu bila kupepesa macho.

Jeneza likainuka. Wazee walifuata, kila mmoja ameweka mkono begani mwa Mkenya, ili sheria isije ikasema hawakubeba. Miaka yote Ndirangu alimwita Lam "yule Mchina wa Waringa," hata alipokuwa akila nyumbani kwake. Sasa kilima cha makaburini kilikuwa kinateleza, na Waringa, nyuma yao, alimsikia akiwafokea wenzake:

"Polepole, jamani! Msimtikise ndugu yetu!"

Hapo ndipo Waringa alipolia.