Kampuni ya Mchonga Mihuri

Mchonga mihuri alikuwa na jeuri moja: aliamini anazijua kampuni zote za mji, maana mihuri yao ilipita mikononi mwake. Miaka ishirini na minane iliyopita alijichongea na wa kwake, wenye neno Kampuni kwa herufi nene, akawa anaugonga kwenye kila risiti. Basi akajihesabu mtu wa kampuni, akastarehe.

Wakili mmoja aliyekuja kuchukua oda ndiye aliyemtibulia. Aliitazama risiti, akauliza kampuni imesajiliwa lini.

"Si hiyo hapo, imeandikwa," mzee akasema.

"Mzee wangu, hiyo ni raba tu. Kwa sheria, biashara hii ni wewe mwenyewe. Siku ukifumba macho, nayo imefumba. Mashine zinakuwa mirathi, za kugawana."

Nyuma ya mashine, binti yake aliacha kusugua raba. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akisoma herufi kinyumenyume bila kioo, kazi ambayo kaka zake wawili waliikimbia mapema. Mzee alimtazama, kisha akazitazama mashine.

Wiki ile ile akakubali kusajili kampuni ya kweli, isiyokufa na mtu. Hisa akazigawa sawa kwa watoto wote watatu, asije akaambiwa ana upendeleo.

"Ukigawa hivyo, baba, mimi sisaini," binti akasema.

"Kulikoni tena, mama?"

"Wale wawili wakikubaliana kuuza, mimi nitasema nini? Nitatolewa humu na brashi yangu mkononi."

"Kaka zako hawawezi."

"Wana shida zao kama watu wengine. Usiwatie kwenye majaribu."

Mzee alinuna mpaka chai ikapoa. Kilichomuuma ni kwamba binti alisema kweli. Usawa ule ulikuwa woga wake tu. Aliogopa kugombana na wanawe. Akawapigia simu mwenyewe: hisa sitini kwa mia ni za mdogo wenu, na mkurugenzi ni yeye, ninyi ishirini ishirini. Mkubwa alikata simu. Wa pili akakohoa, akasema sawa. Wakili alimshauri mzee ajibakizie hisa kidogo, akakataa. Alijijua: akibaki na moja, angezitawala zote.

Cheti kilipotoka, akaingia mteja wa zamani, akaegemea kaunta na kutaka kazi yake itangulie za wenzake.

"Wewe ndiye mwenye duka, mzee. Sema neno."

Mdomo wa mzee ulishafunguka kukubali. Akaufunga. Alijisikia mgeni katika chumba alichokipaka rangi kwa mikono yake.

"Subiri kidogo, nimwite mwenyewe."

Binti akatoka, akamsikiliza mteja mpaka mwisho, akamwambia hapana, apange foleni. Mteja akamgeukia mzee. Mzee akainamia raba yake, akaendelea kuchonga.